Wafalme Watano na Msomaji Aliyepotea

Rafiki yangu aliazima kwangu riwaya ya "A Game of Thrones", akairudisha baada ya wiki moja. Hakuwa amefika hata ukurasa wa mia. "Hiki si kitabu," akasema, "ni daftari la mahudhurio."

Sikumbishia sana. George R. R. Martin, Mmarekani aliyeitoa mwaka 1996 ikiwa ya kwanza katika mfululizo wake, hana huruma na msomaji mgeni. Kila sura imepewa jina la mtu, nawe unaona anachokiona huyo tu. Ukianza kumzoea Bran, mtoto wa miaka saba, unahamishiwa kwa mama yake, Catelyn, halafu unavushwa bahari hadi kwa Daenerys, usiyejua anahusianaje na hao wengine. Na majina! Yupo Jon Snow, yupo Jon Umber, yupo na Jon Arryn, aliyekufa kabla hadithi haijaanza lakini kifo chake ndicho kinachoyazua yote. Mfalme anaitwa Robert, na mtoto wa huyo marehemu naye ni Robert. Nyuma kabisa imewekwa orodha ya koo na watu wao. Mwandishi alijua fika kwamba tutapotea.

Ila upande wa Martin nao una hoja. Robert anajeruhiwa na nguruwe mwitu, anakufa. Joffrey, anayedhaniwa ni mwanawe, anakalia kiti cha enzi, kumbe si damu ya mfalme. Kwa sheria basi kiti ni cha Stannis, ndugu anayefuata, mtu mgumu asiyependwa. Renly, kitinda mimba, hana haki yoyote ila ana jeshi na watu wanampenda. Robb, kaka yake Bran, na watu wa kaskazini hawakitaki kiti hicho, wanataka nchi yao. Balon wa visiwani naye anajivika taji. Sasa angalia: kati ya wafalme hao watano, hakuna hata mmoja aliyepewa sura yake. Robb tunamwona kwa macho ya mama yake, Stannis kwa macho ya Davos, mlanguzi wa zamani anayemtumikia, Balon kwa mwanawe Theon. Tunabaki tukibahatisha nia zao, kama raia yeyote anayengoja kusikia nani ameshinda. Mkanganyiko wa namna hii naukubali, maana vita vya urithi ndivyo vilivyo.

Watu wa pwani tunalijua hilo. Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alipofariki baharini mwaka 1856, mwanawe Thuwaini alikuwa Muscat na mwanawe mwingine Majid alikuwa Unguja, kila mmoja na madai yake. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash akajaribu kumwondoa Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza wakaamua Unguja na Oman zitengane, Unguja iwe inailipa Oman riale 40,000 kila mwaka. Msimulie mtu asiyewajua watoto hao wa baba mmoja, uone kama hataomba kalamu na karatasi.

Utetezi wangu unakwama kwenye kitabu cha nne, cha mwaka 2005. Wafalme wengi wa ile vita wameshakufa, lakini badala ya hadithi kutulia, inaongezewa watu wapya, na baadhi ya sura zinaacha majina na kubandikwa vyeo, "Nabii", "Nahodha wa Walinzi", ukisie mwenyewe ni nani. Jon Snow, Tyrion na Daenerys, tuliowafuata tangu kitabu cha kwanza, hawana sura hata moja. Waliwekwa kando kwa ajili ya kitabu cha tano, kilichotoka mwaka 2011. Hapo siioni vita tena. Naona mkulima aliyelima shamba kubwa kuliko jembe lake.

Rafiki yangu nimemrudishia kitabu. Nimemwambia asikariri majina, ajiulize tu kwenye kila sura: huyu anamtumikia nani, na anamwogopa nani? Cha pili na cha tatu viko tayari mezani vinamngoja. Cha nne simwazimi.