Alkemia ya Wapuritani: elimu iliyofungiwa ndani

Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali kutoka Uingereza waliohamia New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo) karne ya 17, wanakumbukwa zaidi kwa kunyonga watu kwa tuhuma za uchawi. Ndiyo maana wengi hushangaa kusikia kwamba baadhi ya wasomi na viongozi wao walikuwa wanaalkemia waliokesha mbele ya matanuri wakilitafuta jiwe la kugeuza madini ya risasi kuwa dhahabu. Kuna wanaosema dini kali namna ile iliidumaza sayansi, na kwamba alkemia yenyewe ilikuwa ushirikina tu. Wengine wanafuata hoja ya mwanasosholojia Robert Merton ya mwaka 1938, kwamba Upuritani uliisukuma sayansi mbele kwa sababu uliuhesabu uchunguzi wa maumbile kuwa njia mojawapo ya kumtukuza Mungu.

Mimi nauona upande wa pili una nguvu zaidi, na sababu yangu kubwa ni George Starkey. Alizaliwa Bermuda mwaka 1628, akasoma Harvard, chuo cha Wapuritani huko Massachusetts, na alianza alkemia mwaka 1644 akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1650 alihamia London, na mwaka uliofuata akamwandikia mwanasayansi Robert Boyle barua ya kueleza kazi yake hatua kwa hatua. Unachukua madini ya antimoni, yale yale ya wanja wa manga, unayayeyusha pamoja na chuma. Chuma kinakivuta kiberiti (salfa) kilichomo, na metali inatuama chini. Unaiyeyusha tena kwa shura (chumvi ya kutengenezea baruti), unaondoa taka, unarudia. Ikipoa vizuri, uso wake huota fuwele zenye umbo la nyota. Isaac Newton alikuwa na nakala ya barua hiyo kwa mwandiko wake mwenyewe, hata wanahistoria kwa muda mrefu wakadhani ameitunga yeye.

Daftari za Starkey nazo zimebaki. Humo alipima, akapiga hesabu ya gharama, akarudia majaribio yaliyoshindwa, na jambo likifanikiwa alimshukuru Mungu kwa kumfunulia. Hakupata dhahabu, ni kweli. Lakini mtu anayepima, anayeandika na anayejisahihisha namna hiyo siwezi kumweka kapu moja na mpiga ramli. Tena imani haikumzuia kufanya kazi. Ndiyo iliyompa sababu ya kurudi kwenye tanuri kila aliposhindwa.

Hata hivyo, wakosoaji wana hoja moja nisiyoweza kuipuuza, nayo ni usiri. Kile Starkey alichomweleza Boyle waziwazi, vitabuni alikifunika kwa mafumbo ya majoka na njiwa, tena kwa jina la bandia la Eirenaeus Philalethes. Desturi ya alkemia ilikuwa hiyo: mwenye kujua asiwape wasiostahili. Na nani anastahili, aliamua mwenye kujua.

Kilichotokea Connecticut, koloni jingine la Wapuritani, kinaonyesha hasara ya mtindo huo. Gavana wake, John Winthrop mdogo, mtoto wa mmoja wa magavana wa mwanzo wa koloni la Massachusetts Bay, alikuwa mwanaalkemia, tabibu wa watu wengi mno, na mmoja wa wanachama wa mwanzo wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Dawa yake ya unga mwekundu, rubila, ilijulikana kote, lakini mchanganyiko wake aliuhifadhi kwa siri. Hakukana kwamba uchawi upo. Ila kwa kuwa alizijua nguvu za maumbile kwa mikono yake, aliamini si rahisi hata kidogo kwa jirani wa kawaida kuziendesha kwa kunuia tu. Mwaka 1661 alikwenda Uingereza kutafuta hati ya kifalme ya koloni. Akiwa huko, mji wa Hartford huko Connecticut ulishikwa na hofu ya wachawi, na watu wakanyongwa, wakiwemo Rebecca Greensmith na mumewe Nathaniel. Shaka yake ilikuwa kichwani mwake, na kichwa chenyewe kilikuwa London.

Aliporudi mwaka 1663 mambo yalibadilika. Elizabeth Seager alipotiwa hatiani kwa uchawi mwaka 1665, gavana aliichelewesha hukumu hadi akaachiwa. Lakini ninalolipa uzito zaidi ni kesi ya Katherine Harrison. Baraza la wazee wa mahakama (juri) lilimwona ana hatia mwaka 1669, na mahakimu wakawaomba wachungaji ushauri. Jibu liliandikwa na Gershom Bulkeley, mchungaji ambaye naye alikuwa mwanaalkemia: mashahidi zaidi ya mmoja lazima washuhudie tendo lile lile moja. Minong'ono kumi ya majirani kumi, kila mmoja na kisa chake, haitoshi. Harrison aliachiwa mwaka 1670, ingawa kwa sharti la kuhama mji wake.

Hapo ndipo elimu ya watu wachache ilipogeuka kuwa kanuni ambayo hakimu yeyote angeweza kuisoma. Winthrop alifariki mwaka 1676. Mwaka 1692 Salem, huko Massachusetts, ilinyonga watu 19, na mwaka huo huo Connecticut nayo ikamtia hatiani kwa uchawi Mercy Disborough. Safari hii hapakuwa na gavana mwanaalkemia wa kumwombea, lakini kanuni ile ilikuwa imebaki, naye hakunyongwa.