Kitabu cha aljebra dhahania: uanze na kinene au chembamba?

Mdogo wangu anaingia mwaka wa pili, anasoma hesabu, juzi kaniuliza "kaka, aljebra dhahania nianze na kitabu gani, maana wenzangu wote wana PDF ya Dummit na Foote?" Swali hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu nimeona watu wanaipasua kalkulasi vizuri kabisa, wakifika kwenye makundi (kundi ni seti yenye njia moja ya kuunganisha vitu viwili kupata kingine cha humohumo, na kila kitu kina kinyume chake) wanapata sapu halafu wanaamua hawana akili ya hesabu, na wengi wao walichokosea ni kitabu tu.

Tuanze na hicho cha wenzake. Toleo la 3 lina kurasa zaidi ya 900, makundi yamo, ringi (seti unazoweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha ndani yake), moduli (kama vekta, ila juu ya ringi), fildi (ringi unazoweza pia kugawanya), nadharia ya Galois kuhusu mizizi ya milinganyo, yaani ukienda masters bado unacho mkononi. Wanaokitetea wanasema mazoezi yake ndio yanakukomaza na hapo sina ubishi, sehemu ya 1.1 peke yake ina maswali zaidi ya 30. Kuna moja nalipenda mpaka leo: kama kila x ndani ya kundi ukiizidisha kwa yenyewe inatoa 1, thibitisha kwamba xy na yx ni kitu kimoja. Unachukua xy, nayo ikijizidisha ni 1, yaani xyxy = 1, sasa piga x kushoto na y kulia pande zote mbili, huku x mbili zinakufa na y mbili zinakufa inabaki yx, kule inabaki xy, imeisha. Mistari miwili! Mimi nilikaa nalo siku 3 na nilipolipata nilijisikia nimeelewa kundi ni nini kuliko madesa yote niliyokuwa nimekariri.

Shida ni kwamba kitabu hicho hakina majibu nyuma. Ukiwa na lekchara anayesahihisha kazi zako sawa, lakini ukiwa peke yako geto na PDF kwenye simu, umeandika uthibitisho wako, nani anakwambia kama umetoboa au umejidanganya? Halafu sura ya 1 tu inakupitisha kwenye kugeuza maumbo, kubadilisha mpangilio, matriksi, kwatenioni (namba zenye vipande vinne), mpaka makundi yanavyotenda juu ya seti, hapo hata makundi madogo (makundi yaliyo ndani ya kundi kubwa) hujafika.

Upande wa pili kuna kitabu cha Pinter, sura 33 fupi fupi, maelezo kurasa chache halafu mazoezi yanakupandisha ngazi moja moja na baadhi ya majibu yapo nyuma. Kuna Judson pia, ambacho mwandishi mwenyewe amekiachia bure mtandaoni, unashusha kihalali kabisa, kina sura ya Sylow (nadharia ya makundi madogo ndani ya kundi) na mazoezi ya kufanya kwa kompyuta kwa programu ya Sage, kwa mtu anayehesabu hela ya bumu mpaka senti hiyo ni nafuu kubwa. Ila tusidanganyane, Pinter anaficha mambo mazito ndani ya mazoezi, ukiyaruka umeruka somo lenyewe, na moduli hazimo kabisa, kwa hiyo ukimaliza lazima utafute kitabu kingine na uzoee alama nyingine.

Ubishi wa ringi kwanza au makundi kwanza (Hungerford kwenye kitabu chake cha shahada ya kwanza anaanza na ringi) mimi naona si mkubwa hivyo. Angalia saa ya ukutani. Saa tisa ongeza masaa 5 ni saa mbili, hapo umeshaingia kwenye kundi. Saa hiyohiyo, 3 mara 4 ni 12, na 12 kwenye saa ndiyo sifuri, yaani umerudi sifuri wakati ulichozidisha si sifuri, na hapo ndipo ringi inaanza kukushangaza. Mlango wowote utaingia tu.

Kwa hiyo nilimwambia aanze na chembamba, afanye mazoezi kila siku hata mawili, akifika kwenye makundi ya mgawo (kundi jipya linalotokana na kugawa kundi kwa kundi dogo lake) afungue kile kinene pembeni asome mada ileile kwa mara ya pili. Ambaye ameshaandika thibitisho nyingi kwenye uchambuzi halisi (somo linalothibitisha misingi ya kalkulasi) na ana mtu wa kumsahihisha, huyo aende na kinene moja kwa moja, akizunguka atapoteza muda.

Na kabla hajapeleka chochote steshenari kuprinti, afungue ukurasa wa koseti (mafungu yanayotokea ukisogeza kundi dogo ndani ya kundi), maana wengi wanapotelea pale, asome kurasa 3, afunge, achore saa kwenye karatasi aigawe kwa kundi dogo la 0, 4 na 8. Akipata mafungu 4 ya saa tatu tatu bila kuchungulia, kitabu hicho kinamfaa.