Basi la Kondele Ndani ya Mchezo wa Wenyewe

Ukiingia katika kibanda cha michezo ya video pale Kondele, Kisumu, huenda ukamkuta kijana ameinamia simu akiendesha basi lenye michoro ya matatu za kwetu: sura ya mwanamuziki wa benga, jina la utani la gari, na nembo ya chama cha ushirika. Mchezo wenyewe, Bus Simulator Indonesia, ni wa kampuni ya Maleo ya Indonesia, iliyoutoa mwaka 2017 na kuwaachia wachezaji nafasi ya kuingiza rangi na magari yao. Aliyechora basi hilo hakuandika programu ya mchezo, wala hakubuni barabara zake. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo alichofanya ni mapambo tu juu ya kazi ya watu, na wapo, nikiwamo mimi, wanaoiona hapo sanaa. Hata hivyo, upande wa pili una hoja zisizofaa kupuuzwa, na mojawapo inanisumbua kuliko ile ya wizi inayotajwa kila mara.

Tuanze na dai kwamba sanaa ya kweli haiwezi kujengwa juu ya kazi iliyokwisha kukamilika. Fasihi yetu haijawahi kukubali hivyo. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa mashairi yanayohusishwa na Liyongo, na hadi leo Takhmisi ya Liyongo inasomwa kama kazi yenye thamani yake, huku jina la mtangulizi likibaki katika anwani. Mchezo uliobadilishwa ningeupima kwa vigezo hivyo hivyo viwili: nyongeza iseme jambo ambalo kazi ya awali haikulisema, na mwenye kazi ya awali atajwe.

Super Mario Clouds, kazi ya mwaka 2002 ya Mmarekani Cory Arcangel, inafaulu kipimo hicho. Arcangel aliifungua katriji, yaani kasha dogo la kuchomeka lenye mchezo, ya Super Mario Bros., mchezo wa Nintendo wa mwaka 1985, akaiacha chipu ya picha kama ilivyotoka kiwandani, kisha akaing'oa chipu ya programu na kuweka nyingine aliyoiandikia maagizo yake mwenyewe. Kwenye skrini hakubaki Mario, mhusika mkuu, wala adui, wala sarafu, wala ardhi ya kukanyaga. Ni mawingu meupe tu yanayopita polepole katika anga la buluu. Mtu aliyekulia na mchezo ule, aliyezoea kukimbizana na muda unaoyoyoma, anajikuta akikitazama kitu ambacho siku zote kilikuwapo na hakuwahi kupata nafasi ya kukitazama. Mshairi wa takhmisi huongeza maana kwa kuongeza maneno. Arcangel aliiongeza kwa kupunguza.

Wenye michezo, hata hivyo, nao wana haki, na haki hiyo si ya kampuni za ng'ambo peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanii katika ibara ya 33, na papo hapo, katika ibara ya 40, inaiagiza serikali kulinda haki za watu wa Kenya juu ya kazi za akili zao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi. Siku kijana wa Nakuru atakapotengeneza mchezo kuhusu Menengai, kisha akakuta mtu ameubadilisha kidogo na kuusambaza kwa jina jingine, ataihitaji sheria hiyo hiyo ambayo leo mchoraji wa basi anaiona kuwa kizuizi. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kwamba kila kinachoweza kufunguliwa ni halali ya anayekifungua.

Watetezi wa ubadilishaji hupenda kutoa mfano wa matatu yenyewe: chesisi hutoka Isuzu, bodi huundwa na mafundi wa hapa nchini, mchoraji akamalizia, na hakuna anayeiomba kampuni ruhusa. Mfano huo ni mzuri, lakini unapwaya mahali pamoja. Chesisi ikishalipiwa ni mali ya mnunuzi, ilhali mchezo wa kwenye simu mtu hupewa leseni ya kuutumia kwa masharti ya mwenye mchezo. Toleo likibadilishwa, mchoro wa jana unaweza kukataa kufunguka leo, na msanii asiwe na pa kulalamikia. Hili ndilo linalonisumbua: kijana ametumia miezi akijifunza vivuli, uwiano na rangi, kisha ustadi wote huo ameupanda katika shamba la kukodi.

Wanaonijibu hunitajia mchezo wa Counter-Strike, ulioanza mwaka 1999 kama ubadilishaji wa mchezo mwingine, Half-Life, uliofanywa na Minh Le na Jess Cliffe, kabla ya Valve, kampuni yenye Half-Life, kuuchukua na kuutoa kibiashara mwaka 2000. Ni kweli, lakini mlango huo ulifunguliwa na mwenye nyumba kwa hiari yake. Mfano unaonipa matumaini zaidi ni wa JODI, wasanii wawili, mmoja Mholanzi na mwingine Mbelgiji, ambao mwaka 1999 waliugeuza mchezo Wolfenstein 3D kuwa kazi iitwayo SOD: kuta na askari wakawa maumbo meusi, meupe na ya kijivu, lakini sauti za asili zikaachwa. Kampuni ya id Software ilikuwa imeuweka msimbo wa mchezo huo, yaani maandishi ya programu yake, hadharani tangu 1995, kwa hiyo aliyetaka kujenga juu yake hakuhitaji kusubiri hisani ya toleo lijalo.

Kwa mchoraji wa Kondele, tofauti hiyo ni ya vitendo. Michoro yake aihifadhi nje ya mchezo, katika faili zake mwenyewe, kwa ukubwa unaoweza kuchapishwa kwenye bodi ya gari halisi au kuingizwa katika Blender, ya kuundia picha za pande tatu, na Godot, ya kutengenezea michezo, programu za bure ambazo leseni zake hazidai umiliki wa kinachotengenezwa kwazo. Jina la Maleo alitaje kila anaposambaza basi lake, na jina lake mwenyewe alitie karibu na mlango, kama wachoraji wa matatu wanavyotia sahihi kwenye kazi zao.