Kabla Hujang'oa Themostati, Muulize Mwenye Gari Kama Lako

Hakuna kauli ya gereji inayonikera kama hii: "Bosi, gari ya zamani ndivyo ilivyo." Linachemsha, ndivyo lilivyo. Linakula mafuta, ndivyo lilivyo. Linagoma kuwaka asubuhi, ndivyo lilivyo. Ukiambiwa hivyo mara kwa mara unaanza kuliona gari lako ni mzigo, na haipiti wiki utasikia kuna mtu anauza injini ya mtumba, "safi kabisa, haijafunguliwa".

Mimi natumia Toyota Corolla 110, toleo lililoundwa Japani kati ya 1995 na 2000, ambalo Dar es Salaam lilibeba abiria wa teksi miaka mingi kabla Toyota IST hazijalinyang'anya kazi. Maoni yangu, baada ya kukaa nalo muda mrefu, ni kwamba gari la umri huu haliugui uzee peke yake. Linaugua zaidi mikono iliyoligusa: waya uliokatwa ukaungwa kienyeji, sensa iliyochomolewa ikasahaulika, kifaa kilichotupwa kwa sababu "hakina kazi". Na wa kukutajia kilichoguswa si lazima awe fundi bingwa. Mara nyingi ni mwenye gari kama lako, aliyeshapita hapo ulipokwama.

Chukua themostati. Ni kidude kidogo chenye nta ndani. Nta ikipata joto inatanuka, inasukuma vali ifunguke, maji ya injini yaende kupoozwa kwenye rejeta. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Peleka gari linalochemsha kwenye gereji ya chini ya mwembe uone kitakachong'olewa kwanza. "Hii ni ya kwao kwenye baridi, bosi. Huku kwetu joto, ya nini?" Hoja inaingia akilini upesi, ndiyo maana haifi. Lakini nyuzi 82 ni nyuzi 82, uwe Sapporo kwenye baridi ya Japani au Tanga. Kazi ya kidude hiki ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuiweka hapo. Ukikitoa, injini inafanya kazi ikiwa vuguvugu, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Mwisho wa mwezi mwenye gari anashika kichwa na kusema magari ya zamani yanakula mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha pili upande wa nyuma. Vali kuu inapofunguka, kisahani hicho kinaziba njia ya pembeni, ile inayorudisha maji ndani ya injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukitoa kifaa chote, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka humo humo bila kupoozwa. Kwa hiyo mtu anang'oa themostati ili gari lisichemshe, halafu linamchemkia vizuri zaidi akipanda mlima Kitonga.

Hili nilielezwa na dereva mmoja wa teksi wa Temeke, mzee wa makamo ambaye hakuwa fundi wala hakujidai kuwa fundi. Alichukua sufuria ya maji, akatumbukiza themostati yake, akaiweka jikoni tukaitazama ikifunguka maji yalipokaribia kuchemka. "Unaona mwanangu? Hii nzima. Ingekuwa imekufa ingebaki imefumba." Kipimo kizima kiligharimu mkaa kidogo.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenifundisha habari ya feni. Kwenye 110 feni ya rejeta inaendeshwa na umeme, na Toyota waliipanga kwa busara: swichi ya joto, ile inayoiamuru feni kufuatana na joto la maji, ikiwa imechomolewa au waya wake umekatika, feni inazunguka muda wote, ili hitilafu isiunguze injini. Maana yake una kipimo cha bure. Chomoa soketi ya swichi hiyo, washa swichi ya gari bila kupiga stata. Feni ikizunguka, basi feni, relei na fyuzi ni nzima, na wa kushukiwa ni swichi. Isipozunguka, achana na swichi, anza na fyuzi na relei, kisha feni yenyewe. Dakika chache tu. Lakini 110 nyingi unazozikuta barabarani leo feni zimeungwa moja kwa moja na swichi ya gari, kwa sababu kuna siku fundi aliona haizunguki na hakutaka kusumbuka kujua kwa nini. Feni kuzunguka bila kupumzika si dhambi kubwa sana, ila inamfichia mwenye gari ugonjwa halisi mpaka siku feni yenyewe inapokufa kwenye foleni ya barabara ya Mandela.

Halafu kifuniko cha rejeta. Watu wamebadilisha rejeta, wamechonga silinda hedi, wamenunua gasketi, kumbe kifuniko kimelegea springi. Kile si kizibo tu. Kinashikilia shinikizo, kwenye magari haya utakuta kimeandikwa 0.9 au 1.1. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 hewani, yakiwa chini ya shinikizo la 0.9 zaidi ya lile la hewa huvumilia mpaka karibu nyuzi 118. Kifuniko kikichoka, maji yanachemka mapema, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba, yanamwagika, nawe unaongeza mengine. Na unaongeza maji gani? Ya kisima cha chumvi, yale yale yanayokula bomba za nyumbani. Silinda hedi ya 110 ni ya aluminiamu, nayo huliwa na chumvi. Sina la kuongeza hapo, ila nunua kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto hata kama una haraka ya msiba.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni taa ya cheki injini. Wengi tunaamini lazima ulipie mashine ya kupima. Kwa magari ya miaka ile, tena yaliyoundwa kwa soko la Japani, mashine nyingi za bei nafuu hata haziongei nayo. Lakini chini ya boneti kuna kiboksi cheusi, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukikifungua utaona matundu na mchoro wa herufi. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya (soma mchoro vizuri, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu), washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama taa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo ule ule, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni. 41 ni ya throto, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Gari lenyewe linakutajia linapoumwa, na limekuwa likifanya hivyo tangu lilipotoka kiwandani.

Hapo kwenye 22 ndipo ninapoona thamani ya wenzangu. Corolla hii inapima joto la maji kwa vifaa vitatu tofauti: kimoja cha mshale wa dashibodi, kimoja cha feni, kimoja cha kompyuta. Mtu anasema "nimeshabadilisha sensa ya joto, bado linakula mafuta." Umebadilisha ipi? Fundi alibadilisha ya mshale, yenye waya mmoja. Ya kompyuta, yenye waya mbili, haijaguswa. Mwenye 110 mwenzako atakuuliza swali hilo kabla hujamaliza kueleza, kwa sababu naye aliliwa hela pale pale. Atakwambia uazime testa ya umeme upime: injini ikiwa ya baridi, kwenye nyuzi 20 hivi, sensa isome kati ya omu 2,000 na 3,000, ikifika nyuzi 80 iwe imeshuka mpaka kwenye 300 hivi. Isiposogea, imekufa. Ikisogea, usinunue, tafuta kwenye waya.

Sisemi haya kuwadharau mafundi. Fundi wetu analipwa kwa kufungua na kufunga. Hakuna anayemlipa kwa kutazama. Akikaa saa mbili na testa akagundua waya umekatika, utamlipa shilingi ngapi? Utasema "si umeunga waya tu, fundi?" na kumpa ya soda. Akikwambia alteneta imekufa ukanunua nyingine, analipwa, na muuza spea naye humkumbuka. Kwa malipo ya namna hiyo hata mimi ningebadilisha alteneta. Ndiyo maana siku hizi tunapatana mapema na fundi wangu: hii ni hela ya kutafuta tatizo, hata usipofungua nati moja. Mara ya kwanza alinitazama kama nimelewa. Sasa yeye ndiye anayeniambia, "Kaka, hii usinunue, ngoja kwanza."

Masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi, ni hadithi nyingine. Kuna mafundi watakaokwambia gari halina nguvu kwa sababu masega ya ekzosi yanabana pumzi, na watajitolea kuyatoa bure. Bure kabisa, na bomba watakuchomelea! Humo ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wapo. Ni kweli masega hufikia mahali yakaziba, lakini yaliyoziba huonyesha dalili: gari linakaba zaidi linavyoongezewa mafuta, na bomba linapata joto kupita kiasi. Nani kakupimia? Wenye magari wenzako ndio watakaokuuliza.

Nao wenzako si malaika. Wapo wanaoshauri mafuta ya taa yamiminwe kwenye injini ili kuisafisha, na wapo ambao kila ugonjwa kwao ni plagi. Wengine wana 110 ya namba EE111, yenye injini ya lita 1.3, na wanamshauri kwa ujasiri mwenye AE110 ya lita 1.5, kana kwamba ni kitu kimoja kwa kuwa bodi ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kupokea ushauri, na kabla ya kuuomba, tazama kibati kilicho chini ya boneti. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana namba fupi inayoanza na AE110, EE111 au AE111, kisha kistari, kisha tarakimu. Hiyo ndiyo ya kumtajia mwenzako na hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani. Ukifika Kariakoo Gerezani au Ilala ukasema "nataka ya Corolla 110", utapewa chochote kinachofanana.

Kuhusu mtumba nina msimamo wangu, na najua tutagombana. Distribyuta ya mtumba, sawa. Alteneta, stata, taa, kitasa cha mlango, sawa tena kwa mikono miwili, maana vitasa vipya vinazidi kuadimika. Lakini chochote cha mpira au kinachochakaa kwa kutumika, yaani mkanda wa taiming, hosi za rejeta, bushi, breki, usininunulie cha mtumba hata kikiwa kinang'aa. Mpira unazeeka hata ukikaa kabatini.

Kinachoniuma kwenye huu udugu wa wenye magari makuukuu ni wanaopona wakapotea. Mtu anakuja analia, gari limemlaza Chalinze, watu wanaacha shughuli zao wanamwelekeza, anajaribu hiki na kile, halafu kimya. Ukikutana naye baada ya miezi: "Aa, lile lilishapona kitambo." Lilipona na nini, ndugu yangu? Hiyo ndiyo habari tuliyokuwa tukiitaka. Na zaidi ya iliyoponya, tunataka zile ambazo hazikuponya. Mtu akiniambia "nilibadilisha pampu ya mafuta, haikusaidia", ameniokolea hela ya pampu. Mimi naandika kila nilichobadilisha kwenye daftari la shule linalokaa chini ya kiti, tarehe na kilomita, pamoja na vilivyoshindwa.

Kwa sasa langu lina kisa kipya. Likiwa limesimama kwenye taa, mlio wa injini unapanda na kushuka kama mtu anayekanyaga na kuachia. Wenzangu wawili, wote wa 110, wamepishana. Mmoja anasema vali inayopitisha hewa pembeni ya throto imejaa masizi, niifungue niisafishe. Mwingine ananiuliza nilibadilisha lini kulanti, kwa sababu vali hiyo hupashwa na maji ya injini, na hewa ikinaswa kwenye mfumo inaweza kufanya vituko hivyo hivyo. Nilibadilisha kulanti mwezi uliopita. Kutoa hewa ni bure, kwa hiyo Jumamosi naanza na hilo: pua ya gari juu ya mteremko, injini ya baridi, kifuniko wazi, hita imefunguliwa mpaka mwisho. Likikataa, nitafungua throto. Wote wawili nitawaambia.