Leza, satelaiti na mawingu ya visiwani

Tunguu, kijiji cha hapa Unguja, iliwahi kuzungumza na anga. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia, kituo cha Wamarekani kilichokuwa hapo kiliongea naye kwa redio. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kikaondolewa. Sasa satelaiti zinaanza kushusha data kwa leza, yaani mwali mwembamba wa mwanga, badala ya redio, nami najiuliza kama Zanzibar ina nafasi tena.

Faida yake si ya kubeza. Mwaka 2023 TBIRD, chombo kidogo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilishusha data kwa kasi ya gigabiti 200 (biti bilioni 200) kwa sekunde. Mwali wenyewe ni mwembamba, hivyo kuunasa njiani ni kazi ngumu, wala haugombaniwi kama masafa ya redio. Kwetu kuna sababu nyingine, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Waunguja tulikaa kizani miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia moja ya umeme kutoka Bara. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Kisiwa kinahitaji zaidi ya mlango mmoja.

Lakini leza haipenyi wingu zito. Redio hupita, leza hukwama, na satelaiti inayozunguka karibu na dunia hupita juu ya kituo cha kupokea kwa dakika chache tu. Ikikuta mbingu imefunga, fursa hiyo imekwenda. Ndiyo maana NASA iliweka kituo kimoja cha leza juu ya mlima Haleakalā, Hawaii, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Kilima chetu cha Masingini hakifiki hata mita 200. Tuna masika, tuna vuli, tuna mvuke wa bahari mwaka mzima. Pemba mvua ni nyingi zaidi.

Kwa hiyo kituo cha Unguja peke yake nakikataa. Kikiunganishwa na cha Dodoma, nakiunga mkono kwa moyo wote. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua kwetu zimepungua, Dodoma ndiyo kwanza iko katikati ya msimu wake wa mvua. Kuanzia Mei, sisi tukiwa bado tunamalizia masika, kule mbingu imeshakauka. Aprili itatusumbua sote, na hapo redio ishike zamu. Kabla ya kununua hata darubini moja ya kupokea mwali, mawingu ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, na ya Dodoma yapimwe usiku na mchana, mwaka mzima, kwa saa zilezile.