Kila Fundi Anaongeza, Hakuna Anayetoa

Jamani, Mwanza hii ukiumwa kifua utaelekezwa hospitali ya Bugando na habari imeishia hapo. Ila thubutu kusema mbele za watu kwamba video inakwama kwenye kompyuta yako. Kinyozi atamwacha mteja na kichwa nusu, aje akupe dawa. Muuza chipsi ana dawa. Kondakta wa daladala ya Igoma, ambaye chenji yangu ya mia mbili imemshinda kuitafuta, naye ana dawa. Na dawa yao wote ni moja, kijiprogramu cha kuichezesha video: "Hiyo haina kodeki, mzee. Weka kodeki."

Hakuna hata mmoja anayesema toa. Wote ni weka.

Mashine yenyewe ni laptopu ya mtumba niliyoichukua duka moja pale Makoroboi. Ina Windows 7, na betri yake ukichomoa waya haikupi hata muda wa kuaga. Kazi yake pale nyumbani ni kuunganishwa na TV ya sebuleni, watoto waangalie katuni. Tumeishi nayo kwa amani mpaka bwana wa kamera alipotuletea flashi yenye video ya sendofu ya mdogo wake mke wangu.

"4K hiyo, Baba Kulwa. Ubora wa kimataifa."

Sasa mimi TV yangu ni ya inchi 32, hata K mbili haifikishi. Hizo nne nani alimwagiza? Tuliagiza bibi harusi aonekane, basi. Zamani hawa watu walikuwa wanakuchomea DVD. Ikikwama unaitoa, unaitemea pumzi, unaifuta kwa fulana, unairudisha, maisha yanaendelea. Faili utalifuta kwa fulana gani?

Nikachomeka flashi. Programu ya Windows ikagoma kulifungua, na kwa hilo mimi siilaumu. Windows 7 ilitoka mwaka 2009. Picha za sendofu zilikuwa zimebanwa kwa mtindo uitwao H.265, ambao ulipitishwa 2013. Wapi na wapi?

Ndipo shemeji akaingia. Huyu ni kaka wa mke wangu, ana kibanda cha kuwaingizia watu muvi kwenye flashi kule Buzuruga, kwa hiyo ukoo mzima umekubaliana kwamba ni injinia. Akaweka furushi lake la kodeki. Akaondoka anasifiwa, kashiba sato wangu. Jirani akasema hilo la shemeji ni la kizamani, akaweka la kwake juu yake. Fundi mmoja wa mtaani akacheka, akasema hawa wawili wote hawajui kitu, akaweka la tatu na kunitoza. Halafu binti yangu akabonyeza tangazo la kijani lililosema "Pakua kodeki hapa", nikaliwahi kwa kuchomoa waya wa umeme. Kwa hilo sikuwa na mzaha: miaka ya 2000 kulikuwa na virusi wakiitwa Zlob, na joho walilovaa kuingilia kwenye kompyuta za watu lilikuwa hilohilo la kodeki.

Basi, ndugu zangu, video ikafunguka. Afadhali isingefunguka.

Sauti ilikuwa imetangulia, picha inafuata nyuma inachechemea. Tunasikia vigelegele, keki bado haijaletwa ukumbini. Mshereheshaji anasema "kaeni", watu kwenye picha ndio kwanza wanainuka. Ukipeleka mbele kidogo, nyuso zinavunjika matofali-matofali. Muvi za kawaida nazo zikaugua: maandishi ya chini yakaanza kutokea mawili-mawili, moja limemlalia mwenzake, husomi hili wala lile. Kuna video ya kwaya iliyocheza miguu juu kichwa chini mwanzo mwisho, na waliendelea kuimba. Kule pembeni mwa saa kukawa na vijialama vipya ambavyo sikuvialika, kila kimoja kinapepesa macho kivyake.

Halafu mama mkwe akaja.

Zamani nilikuwa na kinga. Kutoka kwao Sengerema ilibidi asubiri kivuko, na foleni ya kivuko ilikuwa inaweza kumfanya mtu akumbuke kwamba ana kuku wa kulisha nyumbani. Lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita kama tatu za zege juu ya ziwa. Mimi nalipongeza taifa, tena kwa moyo mweupe. Ila mama mkwe sasa anapiga simu akiwa Busisi, na sato hajatoka hata kwenye friza.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa heshima zote. Akaitikia, akakaa, akaomba aone sendofu ya mwanawe.

Nikawasha. Ikaja ya kijani.

Sisemi kijani kidogo. Ukumbi wa kijani, wali wa kijani, wazee wa ukoo wa kijani. Mama mkwe akatokea kwenye kioo amevaa kitenge chake kipya, kijani kuanzia kilemba hadi unyayo.

"Baba Kulwa."

"Naam, mama."

"Siku ile nilikuwa naumwa?"

Mke wangu akaniangalia jicho ambalo kwa miaka yote ya ndoa limekuwa na maana moja.

Aliyetuokoa ni mwanafunzi mpangaji wa chumba cha uani, anasoma chuo kikuu cha SAUT, kodi yake inachelewa kila mwezi na mwezi ule sikumdai. Alikuja na ndala, akauliza swali ambalo mabingwa wote hawakuliuliza: "Hili faili, kwenye simu linachezaje?" Tukalihamishia kwenye simu ya mke wangu. Likacheza safi, mama mkwe akarudia rangi yake. "Basi faili ni zima," akasema. "Mgonjwa ni mashine." Dakika mbili! Na mimi nimelisha watu sato!

Akanieleza. Kodeki ni kipande cha programu kinachobana picha na sauti ili faili lisijae flashi nzima, na kinachozibanua wakati wa kuangalia. Ile .mkv au .mp4 unayoiona mwishoni mwa jina ni chombo tu, haikuambii ndani zimebanwa kwa mtindo gani. Sasa kwenye Windows kila kodeki ikiingia inajiandikisha na namba ya ubora wake, na namba hiyo inajipangia yenyewe. Faili likifunguliwa, programu inatazama nani ana namba kubwa na kumkabidhi kazi. Hapo nikaelewa kila kitu, maana mimi nimeshawahi kushuka stendi ya Nyegezi na begi. Mpiga debe mmoja kashika begi, mwingine kashika mkono, wa tatu kashaita bodaboda, na kila mmoja anajitangaza ndiye mwenye basi la kuondoka sasa hivi. Begi linakwenda Bukoba, wewe unakwenda Musoma. Ndiyo sendofu yetu: sauti kaichukua huyu, picha kaichukua yule, rangi kaichukua wa tatu ambaye hasikilizani na kadi ya picha, na maandishi wameyashika wawili kwa mpigo.

Kijana hakuongeza kitu. Aliingia kwenye orodha ya programu akaanza kung'oa. Furushi la shemeji, nje. La jirani, nje. La fundi, ambalo nililipia, nje. Akazima, akawasha. Ndipo akaweka VLC, programu ya kuchezea video, mzigo mdogo tu, na kwa bando lake. Hiyo inatembea na kodeki zake tumboni, haiendi kumwomba Windows wala kugombana na aliyejiandikisha. Nikadhani ni kitu cha matajiri, kumbe ni bure. Ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi Ufaransa mwaka 1996, ikaachiwa watu wote 2001. Nikamwangalia mpangaji wangu kwa jicho jipya.

Rangi zikarudi, miguu ya kwaya ikashuka chini. Lakini sendofu bado ikawa inaruka-ruka. Nikataka kupiga kelele. Akasema hiyo sasa ni shida nyingine kabisa na kodeki wanasingiziwa: H.265 ya 4K ni kazi nzito, simu ina sehemu maalumu ya kuifanya, laptopu yangu haina, hivyo prosesa inajikaza peke yake mpaka feni inalia. Akaiweka HandBrake, nayo ya bure, akaiagiza ibadilishe video iwe H.264 ya kawaida, saizi ya TV yetu. H.264 ni ya mwaka 2003, hata kizee changu kinaifahamu. Tukaiacha usiku kucha na mimi nikakesha naomba umeme usikatike. Haukukatika. Na hili nalisema kwa sababu tunajua kulalamika tu.

Asubuhi sebule imejaa. Mama mkwe kiti cha mbele, shemeji naye kaja, kasikia kuna chai na sambusa. Picha sasa inameta, unahesabu hadi nyuzi za kitenge. Likafika lile tukio la zawadi. Mshereheshaji anatangaza friji la shemeji, ukumbi unalipuka, na boksi la friji linaingia linachezeshwa. Limebebwa na kijana mmoja. Kwa mkono mmoja. Mkono wa pili kashika soda.

"Rudisha nyuma kidogo, baba," mama mkwe akasema taratibu.

Nikarudisha. Ilipokuwa ya kijani lile lilikuwa kivuli tu, hakuna aliyeliona. Sasa boksi linarushwa juu, linadakwa, linazungushwa kwa kidole. Ikumbukwe bibi harusi yuko Shinyanga mpaka leo anaambiwa friji lake liko dukani linasubiri gari.

Shemeji akaweka kikombe mezani, akajikohoza.

"Shemeji, mimi hizi rangi naona hazijakaa sawa. Kuna kodeki moja hujaijaribu, ninayo hapa kwenye flashi."