Shem Karenga ni wa Bangwe jamani, sio Mkongo

Juzi nipo Mwanga hapa Kigoma kwa fundi wangu wa simu, kaspika kake kale kakapiga wimbo wa Dada Asha, dogo mmoja aliyekaa kwenye kreti la soda akasema "hii ngoma ya Wakongo hii". Nikamwambia mdogo wangu, huyo ni Shem Karenga wa bendi ya Tabora Jazz, kazaliwa hapahapa Bangwe mwaka 1950, ukipanda bodaboda sasa hivi unafika. Akacheka. "Kwa hiyo ana undugu na Diamond?"

Simlaumu sana. Sisi watu wa mwisho wa reli tuna kaugonjwa ketu, tukisikia msanii ana asili ya Kigoma tunamdandia wote, ilipotoka Leka Dutigite, ule wimbo wa wasanii wa Kigoma, mwaka 2012 hapa mtaani ilikuwa kama harusi ya kila nyumba, na mimi nilikuwemo, sikatai. Ila wazee waliopiga muziki kabla ya hapo hatuwataji kabisa, tunadhani muziki wetu umeanza na Bongo Fleva.

Na dogo kukosea vile kuna sababu. Kongo ipo hapo ng'ambo ya ziwa, rumba ilikuwa inaingia kwetu kwa redio na kwa watu wenyewe, kwa hiyo kijana wa Kigoma wa miaka ile akishika gitaa lazima lilie kwa lafudhi hiyo. Ila maneno sasa! Kiswahili kilichonyooka, mtu anakusimulia habari za nyumbani taratibu mpaka unamuona anayeimbwa amesimama mlangoni. Kwangu mimi huyu mzee alikuwa mtu wa sinema aliyekosa kamera, na Bongo muvi nyingi ninazoangalia zina saa mbili nzima na hazifiki pale anapofika yeye kwa dakika chache.

Safari yake yenyewe ilifuata reli, alianzia huku na Lake Tanganyika Jazz halafu akaenda Tabora. Na Tabora ya zamani haikuwa mchezo, mji mmoja una Kiko Kids ya kina Salum Zahoro, una Nyanyembe Jazz, una Tabora Jazz, zote zinagombea watu walewale wa wikiendi! Mzee wangu alikaa kule ujanani, anasema wanamuziki wengi walikuwa hawana hata gitaa la kwao, vyombo ni mali ya bendi, ukigombana na viongozi unaondoka na suti yako tu. Kurekodi nako ni mpaka upande treni ukaingie studio ya Redio Tanzania (RTD) Dar, nyimbo zinapigwa nchi nzima miaka na miaka, na mfukoni hela ya maana hakuna. Hapo ndipo huwa napata hasira. Kila mtu anaijua Dada Asha, ila mwenye wimbo mzee wa watu kafariki 2014 na huku kwetu sikusikia hata tamasha moja la kumkumbuka, wakati kila mwaka mabango ya wasanii wa kutoka Dar yanajaa mpaka Ujiji.

Basi dogo akaomba arushiwe ule wimbo. Fundi akachomeka memori kadi, tukatafuta wee, tukaupata ndani ya folda imeandikwa KONGO ZILIPENDWA MIX 4.

Nimemwambia fundi abadilishe jina, kasema nirudi Jumatatu.